Tunaiita Dawa

  

Leo tunataka kuzungumza juu ya neno moja dogo ambalo sote tunalitumia bila kulifikiri. Neno lenyewe ni "dawa". Mtoto akishikwa na homa, tunampeleka zahanati apewe dawa. Ng'ombe akiugua, tunamwita daktari wa mifugo aje na dawa. Na viwavi wakiingia katika mahindi tunasema vivyo hivyo: "Acha niende agroveti nikanunue dawa." Tunatoa pesa, tunarudi nyumbani na chupa mfukoni, na mioyo yetu imetulia, kwa maana dawa imepatikana.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Dawa ya mtoto imetengenezwa ili aliye mgonjwa apone. Hii ya viwavi imetengenezwa ili kilicho hai kife. Hiyo ndiyo kazi yake, na isipoifanya tunarudi dukani kulalamika kwamba tumeuziwa maji. Jina lake la kweli ni sumu. Sisi hatusemi kwamba mtu asitumie neno "dawa" tena, maana lugha ya watu haibadilishwi kwa mazungumzo ya redio. Tunasema tu kwamba neno hili linatutuliza mahali ambapo hatupaswi kutulia.

Wala msidhani tumekuja kumhukumu mkulima. Mwaka 2017, wakati viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika, walipoenea katika mashamba ya mahindi ya Kenya, mtu aliweza kulala usiku shamba likiwa la kijani na baada ya siku chache akakuta majani yametobolewa kama chujio. Mtu wa namna hiyo ana watoto, ana karo, ana deni la mbolea. Ukimwambia asinyunyize kitu chochote, akae tu aangalie, utakuwa umemwambia neno jepesi kwako na zito kwake. Njaa nayo huua. Basi hatukatai kwamba sumu ina mahali pake. Tunauliza jambo jingine: mtu akishainunua sumu, ni nani atakayeijibia?

Katika sheria za kale, zile zilizoandikwa katika kitabu cha Kutoka, iko sheria moja juu ya mtu aliyechimba shimo. Ikiwa mtu amechimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo akafa, aliyechimba shimo atalipa. Angalieni vizuri, ndugu. Sheria haisemi kwamba kuchimba shimo ni dhambi. Watu huchimba visima, huchimba mashimo ya kuwekea nafaka. Tena haimwulizi mwenye shimo kama alimchukia yule ng'ombe au kama alikusudia lolote baya. Inamwuliza tu: Je, ulilifunika? Na iko nyingine katika Kumbukumbu la Torati, kwamba mtu akijenga nyumba mpya, ajenge na ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka kutoka juu. Nyumba ni yake, dari ni yake, lakini shingo itakayovunjika huenda ni ya mgeni.

Chupa ya sumu ni shimo la namna hiyo. Ukilinunua ni lako. Ni lako linapokuwa dukani mkononi mwako, linapokuwa ndani ya pampu mgongoni mwa kibarua wako, linapokuwa juu ya jani la sukuma wiki, na hata chupa ikibaki tupu bado ni lako.

Tuanze na hiyo chupa tupu, maana ndiyo watu huisahau upesi. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, nchini India, watoto wa shule ya msingi waliketi kula chakula chao cha mchana. Kilikuwa chakula cha bure, kilichotolewa na serikali ili watoto wa maskini wasisome na njaa: wali, pamoja na mchuzi wa soya na viazi. Wengine walisema kwamba chakula kina ladha mbaya. Watoto 23 walikufa. Wapimaji walipochunguza walikuta sumu ya wadudu iitwayo monokrotofosi katika mafuta yaliyopikia, na wakuu wa serikali walieleza kwamba huenda mafuta yale yalitiwa katika chombo kilichokuwa na sumu hiyo hapo kwanza. Chombo tu, wasikilizaji. Hakuna mtu aliyenyunyiza kitu siku ile.

Sasa angalieni katika boma zetu. Ni mara ngapi tunaona mtungi wa plastiki ulioletwa shambani na sumu, ukasuguliwa kwa mchanga na sabuni, ukawa wa maziwa au wa kuchotea maji mtoni? Ni mtungi mzuri, una mfuniko unaofunga vizuri, na dukani mtungi kama huo ni pesa. Lakini plastiki hunywa sumu kama vile kibuyu kinavyonywa harufu ya moshi, na huirudisha polepole katika kile kitakachotiwa baadaye. Kusugua hakutoshi.

Chupa ikiisha, itie maji safi kiasi cha robo, ifunge, itikise vizuri, kisha maji yale uyamimine ndani ya pampu uyanyunyize shambani pamoja na mengine. Fanya hivyo mara tatu. Usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Kisha itoboe chupa kwa msumari, matobo mengi, ili hata mtu akiikuta jalalani isimfae kwa lolote. Usiitupe jikoni iungue, kwa maana moshi wake ni sumu pia. Mahali ambapo afisa wa kilimo au mwenye duka anazikusanya chupa hizo, mpelekee.

Na kuna kosa jingine linalofanana na hilo, ila linakwenda kinyume. Ni kuhamisha sumu kutoka katika chombo chake na kuitia katika chupa ya soda. Mkulima mdogo hana haja ya lita nzima, ana vitalu viwili vya nyanya. Basi mwenye duka anampimia kidogo katika chupa ya soda, bila kibandiko, bila jina, na mwenye kununua anaiweka dirishani au chini ya kitanda. Sheria yetu ya bidhaa za kuua wadudu, iliyotungwa mwaka 1982, inataka bidhaa hizi zisajiliwe na kuuzwa katika vyombo vilivyobandikwa maelezo, na kazi hii ya kupimiana haiko ndani yake. Lakini sheria haioni chini ya kila kitanda. Mtoto wa miaka mitatu anajua chupa ya soda ni nini. Hajui kusoma, lakini hiyo anaijua. Kwake hakuna shimo lililo wazi kuliko hilo.

Tumetaja kusoma. Haya, tukae hapo kidogo.

Mwaka 1971 nchi ya Iraki ilikuwa imepatwa na ukame, na serikali ikaagiza kutoka ng'ambo shehena kubwa ya mbegu za ngano na shayiri. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki. Ile haikuwa sumu ya wadudu, ilikuwa ya kuzuia ukungu. Lakini somo ni lile lile. Zilipakwa na rangi nyekundu ili watu wajue kwamba si chakula, na juu ya magunia paliandikwa onyo. Tatizo ni kwamba onyo liliandikwa kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Mkulima wa Iraki anasoma Kiarabu au Kikurdi, na wengi vijijini hawakusoma kabisa. Ile picha ya fuvu na mifupa haikuwa na maana kwao. Tena mbegu zilifika zimechelewa, wengi walikuwa wamekwisha kupanda. Basi nyumbani mna njaa, na gunia zima la ngano limesimama pembeni. Watu waliziosha mbegu, wakaona rangi imetoka, wakadhani sumu imetoka pamoja na rangi. Wakasaga, wakaoka mikate. Majuma kadhaa yalipita kabla ya ugonjwa kuonekana, na kwa hiyo waliendelea kula wakiamini kwamba hakuna shida. Zaidi ya watu 6,000 waliingizwa hospitalini, na 459 kati yao walifia humo.

Mbegu zetu za mahindi za dukani nazo hupakwa rangi kwa sababu iyo hiyo. Mwaka wa njaa, mtu akibakiwa na nusu pakiti, ajue kwamba kuosha si kutoa sumu. Asiwape hata kuku.

Lakini jambo linalotugusa zaidi katika habari ya Iraki ni hili: maandishi yalikuwapo. Waliotuma mbegu wangeweza kusema, "Sisi tuliandika." Na ni kweli waliandika. Je, hiyo inatosha? Hapa kwetu vibandiko huwa na Kiingereza na Kiswahili, na ni jambo jema. Hata hivyo herufi zenyewe ni ndogo kama mayai ya vidukari, na mzee wa miaka sabini, hata awe na miwani, hazioni. Kwa hiyo mwenye duka, ikiwa unatusikiliza, usimkabidhi mzee chupa na chenji yake ukaona umemaliza. Mwambie kwa mdomo. Na wewe mzee, mwite mjukuu wako anayesoma shule akusomee kibandiko chote, tangu juu mpaka chini, kabla hujafungua kifuniko. Si aibu. Mtoto naye atajifunza.

Kwa asiyejua kusoma kabisa, kuna alama ya kumsaidia. Chini ya kibandiko hupigwa ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Manjano ni sumu ya wastani, lakini "wastani" hapa ni ya kuweza kumlaza mtu hospitalini. Buluu ni hafifu zaidi. Kijani ni ile ambayo, ikitumiwa kama ilivyoagizwa, haielekei kumdhuru mtu kwa haraka. Ukipewa chupa yenye ukanda mwekundu, uliza kama hakuna nyingine itakayofanya kazi ile ile. Mara nyingi ipo.

Sasa tuje kwa habari ya siku za kungoja, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana tutasema waziwazi.

Kila sumu iliyosajiliwa kwa ajili ya mboga au matunda huandikwa idadi ya siku ambazo lazima zipite tangu kunyunyiza mpaka kuchuma. Nyingine ni siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne au zaidi, kufuatana na sumu yenyewe na zao lenyewe. Siku hizo hazikuwekwa kumtesa mkulima. Jua, hewa na mmea wenyewe huivunjavunja sumu kidogo kidogo, na siku hizo ndizo zinazohitajika ili ibakie kiasi kisichoweza kumdhuru mlaji. Nyingine hukaa juu ya jani, lakini nyingine huingia ndani kabisa ya mmea na kutembea pamoja na utomvu wake. Hiyo ya ndani hata mama akiosha mboga kwa maji saba haitoki.

Mkulima anajua haya. Lakini Jumatatu ameona vidukari katika sukuma wiki, amenyunyiza. Jumatano mnunuzi amekuja na gari, ana pesa mkononi, na Jumatano ijayo huenda asije. Tena mboga iliyonyunyizwa inang'aa, haina tobo hata moja, na huko sokoni wanunuzi wa mjini huikataa yenye matobo. (Nanyi watu wa mjini mna sehemu yenu katika jambo hili. Tobo la kiwavi katika jani ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mahali ambapo kiwavi ameweza kuishi, hapana sumu nyingi.) Basi mkulima anachuma. Anajisemea moyoni kwamba siku mbili si mbaya sana, kwamba wote hufanya hivyo, kwamba hakuna aliyepata kufa.

Lakini nyuma ya nyumba yake ana kitalu kidogo cha sukuma wiki. Hicho hakinyunyizi. Hicho ni cha watoto. Jirani akija kuomba mboga ya jioni, yeye mwenyewe humwambia, "La, Mama Njeri, usichume upande ule, njoo uchume huku nyuma."

Tumesikia habari ya vitalu vya namna hiyo mahali pengi, na tunadhani baadhi yenu mnavijua. Mtu huyu si mjinga. Hahitaji semina. Kitalu kile kinaonyesha kwamba maarifa anayo yote, na upendo pia anao, ila amevizungushia ua, navyo havitoki nje ya boma lake. Mama Njeri amo ndani ya ua kwa kuwa anamjua jina. Yule mama anayenunua fungu moja la sukuma wiki jioni huko Kawangware au Kisauni, amempakata mtoto, yuko nje ya ua. Bwana wetu alipoulizwa na mwanasheria, "Jirani yangu ni nani?", hakumtajia mtu wa karibu. Alimsimulia habari za mtu aliyeokotwa njiani na mgeni asiyemjua.

Na tusiseme kwamba jambo hili halina dawa, tukilitumia neno hilo kwa haki. Panda kwa zamu, kitalu hiki wiki hii na kile wiki ijayo, ili siku zote uwe na kimoja kilichomaliza siku zake wakati mnunuzi anapokuja. Andika tarehe ya kunyunyiza katika daftari, au funga kitambaa chekundu penye kitalu mpaka siku zitimie. Na ikiwa umenyunyiza na mnunuzi amekuja mapema, mwambie, "Hiki bado." Utapoteza pesa siku hiyo. Hatutawadanganya kwamba hutapoteza.

Baada ya mlaji yuko kibarua, ambaye kwa kawaida ni kijana. Amepewa pampu ya mgongoni inayovuja, hana gambuti, hana glavu, shati lake ni la mikono mifupi, na analipwa kwa idadi ya mitungi aliyomaliza, kwa hiyo anakimbia. Nozeli ikiziba anaitia mdomoni na kuipuliza. Saa sita anakula mahindi ya kuchoma kwa mikono ile ile.

Ni vizuri tujue sumu hizi zinavyofanya kazi. Nyingi ni za jamii mbili, ziitwazo oganofosfati na kabameti. Katika mwili wa kila kiumbe, neva hupeleka ujumbe kwa misuli, kisha kuna kitu mwilini kinachouzima ujumbe ule kazi ikiisha, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Sumu humfunga mikono huyo mzimaji. Taa zote zinabaki zinawaka. Mdudu hutetemeka mpaka akafa. Na neva zetu zimeumbwa kwa namna iyo hiyo. Ndiyo maana kibarua jioni anaumwa na kichwa, anatokwa na jasho na mate mengi, macho yanaona ukungu, tumbo linasokota, anatapika, misuli inacheza yenyewe. Akienda nyumbani husema, "Nadhani ni malaria." Ikizidi, kifua hubana na pumzi hukatika. Na sumu hupita katika ngozi, si mdomoni tu. Tena ngozi yenye jasho huipokea haraka zaidi.

Wewe uliyemwajiri, mnunulie gambuti, glavu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na shati la mikono mirefu. Rekebisha pampu. Mwambie anyunyize asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia, naye atembee upepo ukiwa mgongoni au ubavuni, si usoni. Nozeli isafishwe kwa maji au kwa unyasi laini. Aoge kwa sabuni kabla ya kula. Na nguo zake zisichanganywe na za nyumbani, kwa maana mama anayezifua ataipokea sumu kwa mikono yake mitupu, na huenda ana mimba. Wengine watasema vitu hivi ni ghali. Ni kweli si bure. Lakini mtu asiyeweza kununua glavu hajafikia kununua sumu.

Kunyunyiza jioni kuna faida nyingine: nyuki wamerudi mzingani. Ukinyunyiza maharagwe au maboga saa nne ya asubuhi maua yakiwa yamefunguka, unawaua wafanyakazi wako mwenyewe, na baadaye utashangaa kwa nini boga halikushika.

Habari ya ndege ni ya huzuni zaidi. Kulikuwa na sumu iliyouzwa kwa jina la Furadan, punje za rangi ya zambarau, iliyotengenezwa ili iwekwe ardhini kuua wadudu wa mizizi. Watu wengine waliitia katika mizoga ili kuua simba waliowala ng'ombe wao, na tai waliokuja kula mizoga hiyo wakafa pia. Mwaka 2009, baada ya habari za simba kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani, kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika maduka ya Kenya. Lakini huko Bunyala, penye mashamba ya mpunga karibu na Ziwa Victoria, watu waliitumia sumu hiyo kuwatega ndege wa porini kwa chambo, wakawauza nyama yao iliwe. Yaani sumu ilitoka dukani kama dawa ya mimea, ikarudi mezani kama kitoweo. Hatudhani yule mwenye duka aliyeiuza mara ya kwanza aliota jambo hilo.

Wala wenye elimu kubwa hawakuona mbali sikuzote. Paul Müller wa Uswisi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua kwamba DDT huua wadudu, na dunia nzima ilishangilia. Baadaye ilionekana kwamba haiozi upesi, hukaa udongoni na katika mafuta ya wanyama miaka mingi. Kenya iliikataza katika kilimo mwaka 1986. Basi tukiambiwa leo kwamba sumu fulani haina neno, tusikilize kwa heshima, lakini glavu tusivue.

Njia iliyo bora ni kuipunguza haja yenyewe. Tembea shambani kwanza uhesabu wadudu kabla ya kununua kitu. Viwavi wachache huweza kuokotwa kwa mkono. Usizidishe kipimo ukidhani utaua haraka. Wale wachache wanaosalia ndio watakaozaa, na watoto wao hawatasikia sumu hiyo tena. Hapa Kenya tunayo taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya mwenzetu, Profesa Thomas Odhiambo. Huko Mbita, kando ya ziwa, watafiti wake wamewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, nepia huwavuta pembeni, na mizizi ya desmodiamu hulidhoofisha lile gugu la kayongo. Ng'ombe naye anapata majani. Ni kazi ya mikono, hasa msimu wa kwanza, na mwenye shamba la kukodi kwa msimu mmoja haitamfaa sana.

Na ghalani? Dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufika Taveta mwaka 1983, hugeuza gunia la mahindi kuwa unga. Wengi hutumia unga wa Actellic Super, ambao kipimo chake ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Gramu 50, si konzi tatu kwa kukisia. Lakini sasa iko mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Ukianika mahindi yakakauka sawasawa, ukayafunga humo kwa nguvu, wadudu huimaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe. Hakuna sumu hapo hata chembe.

Sumu itakayobaki nyumbani iwekwe katika sanduku lenye kufuli, mbali na chakula, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Tunasema hivi kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya mwingine pia. Katika kila familia mtu aweza kupita katika saa ya giza, akaona maisha hayana maana. Saa ile mara nyingi hupita, ikiwa hakuna kitu cha kufisha karibu na mkono wake. Nchi ya Sri Lanka iliziondoa sokoni, moja baada ya nyingine, sumu za shambani zilizo kali kupita nyingine, na kati ya mwaka 1995 na 2015 idadi ya watu waliojiua, kwa kulinganisha na wingi wa watu, ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Watu wale hawakuacha kuwa na huzuni. Walipata nafasi ya kuiona kesho yake. Ukimwona mwenzako amenyamaza kupita kawaida, keti naye, mwulize, na umpeleke kwa wanaoweza kumsaidia.

Kabla hatujaagana, mtu akipatwa na sumu fanyeni hivi. Mwondoeni mahali penye sumu. Mvueni nguo zilizolowa, na anayemvua ajikinge mikono yake. Mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni; ikiwa imeingia machoni, yaosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa. Msimlazimishe kutapika. Msimpe maziwa, watu wengi huamini kwamba maziwa huiondoa sumu, lakini sivyo. Akiwa amezimia mlazeni ubavu, ili matapishi yasimzibe koo. Mpelekeni hospitali mara moja, msingoje kuona kama atapata nafuu, na mchukue chupa au kibandiko chake mkampe daktari, maana kuna matibabu ya sumu hizi, na daktari akijua jina hatapoteza muda.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo wakati kama huu.